Herufi Mbili

Tulilivuta kutoka Kurawa kwa trekta la chumvi,
magurudumu yakigoma, mnyororo ukilia,
watoto wa Gongoni wakitukimbilia nyuma
wakiuliza, "Mnaenda kulizika wapi?"

Sasa limelala uani kwangu, Maweni,
juu ya matofali manne na gogo la mkoko.
Halina namba, halina nembo, halina kadi.
Pale jina linapokaa, puani mwa boneti,
kuna matundu matano ya skrubu, na kutu.

Mwaringa kaja, kaligonga ubavu kama tikiti.
"Bedifodi," kasema, kaomba chai.
Shee Obo, mchomeleaji, kalizunguka mara tatu:
"Bedifodi wapi? Hili Ostini. Tazama mashavu."
Mtaliano wa duka la aiskrimu kashuka baiskeli,
kaibusu taa iliyovunjika, kasema ni la kwao,
machozi yakamlenga; tukamwachia kwa adabu.
Kila mtu kamwona humo shangazi yake.

Mimi nikashika spana.
Ya milimita ikateleza.
Ya inchi ikauma, ikaachia.
Nati hizi zina kipimo cha mtu mmoja
aliyekufa na rula yake.

Nikalala chini, tochi mdomoni.
Injini ina namba, giaboksi ina namba,
haziamkiani.
Ekseli ya nyuma ni ya gari jingine kabisa,
springi moja ina vyuma tisa, mwenzake saba,
ndiyo maana hata likisimama linachechemea.
Na kwenye bati la mbele ya miguu, kushoto,
tundu la usukani limezibwa kwa kifuniko cha mkebe wa Kimbo:
zamani dereva alikaa huku,
akavuka mpaka fulani, akahamia kule.

Namba ya chesisi niliisugua kwa brashi na ndimu.
Chumvi ilishakula tarakimu tatu za kati.
Zilizobaki nikaziandika kiganjani;
mke wangu akaziona wakati wa kula,
akauliza, simu ya nani.

Mwenye subira ya msasa ni Nyevu, binti yangu.
Miezi miwili anauchubua mlango wa kulia:
kijivu, chini yake manjano ya kiwanda,
chini yake kijani, kisha wekundu wa udongo wa Marafa,
kisha, Ijumaa moja, herufi mbili za mkono:
MU.
Mwanzo wake umeliwa.

Mtaa mzima ukaja kuujaza.
"Lamu," kasema Shee, mwenye kwao huko.
"Lamu? Lori likapite wapi, ukumbini kwa nyanyako?"
"Kisumu." "Karimu." "Mwalimu."
Na Mwaringa, ambaye bado ananidai pesa ya plagi:
"Haramu."

Bi Somoe wa mahamri, ng'ambo ya njia,
aliyepakia magunia humo kabla hajaolewa,
hata hakuja kuangalia.
Alisema huku akigeuza andazi,
"Sisi tulikuwa tukiliita Talaka Tatu.
Likishapita, halirejei."

Nikafungua giaboksi. Kweli:
jino la giya ya nyuma limevunjika, safi, kama la mtoto.
Shee anataka kuchonga jipya.
Nimemwambia angoje kidogo, sijui kwa nini.
Nyevu naye kazipaka zile herufi vanishi,
hakuongeza kitu.

Jana karbureta ilipiga chafya mara sita.
Ya saba ikashika.
Moshi mweusi ukahamia kwa jirani, kwenye kanzu zilizoanikwa,
Mwaringa akasahau deni, akapiga vigelegele kama mwanamke,
na Nyevu, mto mgongoni, akatia namba moja.
Likatambaa hatua kumi, likichechemea,
likasimama pua yake ikigusa ukuta wa ua.

Hapo ndipo tulipokumbuka.

Tumekaa kivulini mwake, watu wanne na birika,
tunajadili ukuta.